Klia ya gari ikianza kubambuka, polishi haitakuokoa

Foleni ikikwama Mombasa Road saa saba mchana, angalia paa za magari. Hukosi kuona Vitz au Probox yenye madoa meupe juu, kingo zake zimejikunja kama ngozi inayobambuka. Watu husema "rangi imeisha". Mara nyingi rangi bado ipo. Kilichokufa ni klia, lile tabaka lisilo na rangi linalopakwa juu kabisa.

Hapo ndipo pesa zako huanza kupotea. Fundi wa kwanza utakayemuuliza anaweza kukwambia, "Niachie hii ndai hadi jioni, nikiipiga polishi itarudi mpya." Usitoe hata shilingi kabla ya kujua ni tabaka gani limeharibika.

Gari lina bati, juu yake praima, kisha rangi, halafu klia. Klia kwa kawaida ni maikroni 40 hadi 50 hivi, nyembamba kuliko unywele wako. Ndiyo hukinga rangi dhidi ya jua, na sisi tuko hapa kwenye ikweta. Isitoshe, magari mengi tunayonunua ni mitumba ya Japani. Sheria inaruhusu yasiyozidi miaka 8, kwa hivyo yakishuka Mombasa klia tayari imekula jua la miaka kadhaa.

Mkwaruzo: tumia ukucha

Osha mahali palipokwaruzwa, kausha, kisha pitisha ukucha. Usipokwama, mkwaruzo uko kwenye klia tu na unaweza kujifanyia kazi. Piga msasa wa maji nambari 2000, kisha 3000, ukimwagia maji wakati wote. Malizia na kompaundi, halafu polishi. Twende polepole lakini, maana kila unaposugua unapunguza klia, na haikui tena.

Ukucha ukikwama, umefika kwenye rangi. Tafuta kodi ya rangi kwenye kibandiko kilicho kwenye fremu ya mlango au chini ya boneti, uchanganyiwe inayofanana. Ukiona bati, usingoje mvua. Kutu haina subira.

Klia iliyobambuka: hakuna njia ya mkato

Polishi hung'arisha klia iliyopo. Kama imetoka, unang'arisha nini? Mashine itakula rangi iliyobaki uchi na kuinua kingo zaidi. Kupulizia klia ya mkebe kwenye doa pekee pia ni kujidanganya, kwa sababu klia mpya haishiki juu ya iliyokufa. Itang'aa kwa muda, kisha ukingo uinuke tena.

Dawa ni kupiga msasa hadi klia yote iliyolegea iishe, kurudishia rangi kama imepauka, kisha kupuliza klia boneti nzima au paa zima. Kabla hujalipa, iwe uko Grogan au mtaani kwenu, muulize fundi: Utapiga msasa sehemu nzima au doa tu? Klia yako inachanganywa na hadina? Utapulizia wapi, ndani au kando ya barabara penye vumbi?

Na kama wewe ndiye unayejifunza hii kazi, sikiza vizuri. Hadina nyingi za klia zina isosaiyaneti, kemikali inayoweza kukuletea pumu ya maisha. Kufunga kitambaa mdomoni hakusaidii kitu. Ukiitiwa kazi, uliza kwanza kama kuna barakoa yenye vichujio vya kemikali.

Unanunua gari?

Usilikague likiwa limetoka kuoshwa. Maji na nta huficha mikwaruzo na madoa meupe. Ngoja likauke, uliangalie juani, uanze na paa.

Ukishalipata, egesha kivulini, osha kinyesi cha ndege upesi, paka nta kila baada ya miezi michache, na usiwahi kupangusa vumbi kwa kitambaa kikavu. Hilo vumbi ni msasa.

Kama doo bado hazijatosha, endesha hivyo hivyo huku ukiweka akiba ya paa zima, bora bati halijaanza kuonekana. Klia iliyobambuka haizimi injini, lakini polishi nne za bure zinaweza kumaliza pesa za kazi moja ya maana.