ULM: breve gani, na makuta ya nani?

Kwa wazee wa Kolwezi, sauti ya ndege haikukuwa sauti ya furaha. Mu 1961, wakati Katanga ilijitenga, Fouga Magister ilikuwa inaruka kutoka hapa hapa Kolwezi kwenda kupiga askari wa ONU. Tarehe 29 Desemba 1962, ndege za Uswidi zenye kutumikia ONU zikakuja kupiga uwanja wa Kengere. Kisha tarehe 19 Mei 1978, parachuti za Légion étrangère ya Ufaransa zikashuka juu ya muji. Kiisha vita, ndege ikabakia kitu cha wakubwa: inaleta wakubwa wa kampuni, inarudisha wakubwa wa kampuni.

Vijana wetu wanaona mambo ingine. Mu telefone wanaangalia ndege ndogo za watu wawili, zenye kuruka juu ya mashamba bila haraka, na wanauliza: «Baba, ile mi siwezi kuisomea?» Wanaweza. Lakini mbele ya kuuzisha lupango, ao kugusa dekonti finali, tuelewane juu ya kitu chenyewe.

ULM maana yake ni ndege nyepesi sana yenye motere. Kwa Wafaransa, kwenye imeenea sana, sheria inazigawanya mu aina 6, toka paramota, ambayo mutu anabeba motere mu mugongo, mpaka ile ya mabawa yenye kufanana kabisa na ndege ya kawaida. Ya viti viwili inapimwa karibu kilo 500, watu na esansi ndani. Pick-up ya Land Cruiser bila mutu inapita uzito ule mara 4. Nyingi ziko na motere Rotax ya Austria. Ile ya namna 912 inatoa nguvu ya farasi 80 na inakunywa hata esansi ya motokari.

Farasi 80, lakini pembeni ya bahari. Hapa kwetu hesabu inabadilika, na hili njo jambo tunaomba kila muzazi alishike. Uwanja wa Kolwezi uko mu mita zaidi ya 1,400 juu ya bahari. Mu Oktoba, mbele ya mvua kuanza, saa nane ya muchana, joto likifika digri 30, hewa inakuwa nyepesi sawa vile ndege iko mu mita 2,300 na zaidi. Motere inavuta hewa kidogo, mabawa yanapata hewa kidogo. Karibu robo ya nguvu imekwenda, na ndege inaomba njia ndefu zaidi ya kuruka. Dereva wa benne anajua namna motere inachoka mu kupanda kutoka chini ya shimo. Hapa ni vile vile, tofauti ni moja tu: juu hakuna fasi ya kusimama pembeni. Kwa ile sababu wenye akili wanaruka asubui, saa kumi na mbili mpaka saa tatu, wakati hewa ingali baridi na imetulia. Muchana, udongo mutupu wa carrière unapata moto kuliko pori, na hewa inapanda kwa nguvu juu yake. Ndege ya kilo 500 inatikiswa sawa kikapo.

Kuna na nyaya. Kolwezi ni muji wa courant: laini kutoka Nzilo na Nseke, na ile ndefu ya kutoka Inga, kilometre karibu 1,700, inaishia hapa. Kutoka chini unaona nyaya vizuri. Kutoka juu, jua mbele ya macho, ao moshi wa pori wa Agosti, hauone kitu. Nguzo njo zinakuonyesha kama kuna laini. ULM inapenda kuruka chini, na pale njo hatari iko.

Na motere ikizima? Ndege haianguke sawa jiwe. ULM nyingi za mabawa, kama uko mita 300 juu ya udongo, zinaweza kuteleza kilometre mbili na kitu, kama hakuna upepo wa mbele. Kilometre mbili kutoka fasi gani, njo ulizo. Chini kuna pori ya miti, kuna bwawa la mabaki ya kiwanda, kuna shimo, kuna nyumba za watu. Mwalimu muzuri anakata motere bila kukuambia, na anauliza: «Unashuka wapi?» Unajibu palepale, haiko kesho. Anairudilia mpaka unachukia. Wafaransa hawakuweka hesabu ya masaa kwa breve ya ULM. Mwalimu njo anaamua siku ya kukuacha upande peke yako. Shule yenye kukuahidi ile siku mbele haijakuona ukishuka, tunaona heri kuikimbia.

Mambo mengine, mutu wa mine anayajua tayari: kutembea kuzunguka chombo na karatasi mu mikono, kugusa kila boulon, kutosha esansi kidogo mu chupa juu ya kuangalia kama kuna maji ndani. Kuruka hakuanze kama kitu kimoja hakiko sawa, hata kama umelipa.

Sasa makuta. Breve ya ULM ni ya kujifurahisha. Haikufungulie mulango wa kuendesha ndege yenye kubeba abiria kwa feza. Familia mingi zinachanganya hapa, na kuna wenye kufaidika na ule muchanganyo. Kwa kazi, kanuni za OACI zinaomba lisansi ya piloti wa biashara: miaka 18, masaa 200 ya kuruka, ao 150 ndani ya masomo yenye yamekubaliwa. Lisansi ya piloti wa kawaida, yenye iko chini yake, inaomba miaka 17 na masaa 40. Kila saa inalipwa, na saa moja ya ndege ya shule haiko bei ya taksi. Upande wa mashariki shule ziko za zamani: Soroti, mu Uganda, tangu 1971, na Wilson, mu Nairobi, kwenye kuko Aero Club of East Africa, yenye ilizaliwa 1927. Kule njo Beryl Markham alijifunzia. Alianza kwa kupenda, akapata lisansi ya biashara, akabeba barua na abiria, na mu 1936 akavuka Atlantiki peke yake. Haiko uongo kusema furaha inaweza kuzaa kazi. Lakini alipata karatasi ya pili.

Kule wanafundisha mu Kingereza, na kwa kuruka mu inchi za kigeni OACI inaomba piloti asikie na aongee lugha ya radio, mara nyingi Kingereza, mu kiwango cha 4. Mutoto wetu mwenye Kifaransa tu aanzie pale. Saa moja ya masomo ya lugha ni bei ndogo kuliko saa moja ya kuruka. Na muulize shule ionyeshe agrément yake ya Autorité de l'aviation civile, na breve inayotoa inaitwa namna gani, kwa maandiko.

Mwisho, munganga. Piloti wa kazi anapita visite ya classe 1: macho, moyo, masikio. Mutu aliyekaa miaka pembeni ya concasseur bila kufunika masikio anaweza kukatiwa pale, hata kama ametumika masaa yote. Visite ile inafanywa mbele ya kulipa shule.