Je, Wajua? Ndege wa Tabora na mti aliotua

Kwenye miombo ya Tabora, mtazama ndege asiyejua miti hupata taabu. Mwenzako akinong'ona, "Yuko juu ya mtundu," nawe ukaukodolea macho muva, ndege keshaenda zake. Miti hiyo hufanana mno, ila ukichuma jani utaitofautisha: kwenye mtundu, vijani vikubwa kuliko vyote viko nchani, kwenye muva viko katikati. Mninga hausumbui. Tunda lake ni la mviringo, lina miiba katikati na ukingo mwembamba pembeni kama sahani, na gome likikatwa hutoa utomvu mwekundu.

Mjerumani Richard Böhm alikusanya ndege huku mwanzoni mwa miaka ya 1880, na mpaka leo jina la kisayansi la ndege mmoja mdogo wa miombo, mla wadudu, huishia na boehmi.

Ukikuta miembe mizee imejipanga, hiyo si miombo tena: huenda umesimama kwenye njia ya misafara ya Bagamoyo hadi Ujiji. Mwembe asili yake ni Asia, jambo ambalo ndege wala matunda hawalijali hata kidogo.