Sarafu ya Kale Haisuguliwi

Mtu akirithi kijaluba cha bibi yake, hukuta ndani sarafu iliyopiga weusi, akatwaa ndimu na majivu akaisugua hata ikang'ara. Hajui kwamba ameiharibu, kwani wakusanyaji huthamini uso wa sarafu jinsi ulivyotoka kiwandani, si mng'ao wa jikoni.

Hayo hudhihirika zaidi katika sarafu za kielelezo, zipigwazo chache kwa mhuri uliong'arishwa ili ziwe kumbukumbu, si za kwenda sokoni. Tanzania ilipotoa sarafu zake za kwanza mwaka 1966, zenye samaki, mbuni, sungura na mkono ulioshika mwenge, seti za namna hiyo zilikuwa 5,500 tu, ilhali senti tano za kawaida zilipigwa kwa mamilioni. Alama ya kidole juu ya uso ule yatosha kuishusha bei.

Visiwa vyetu vina hazina kongwe zaidi: pesa za shaba zenye mizani za Seyyid Barghash, za mwaka 1299 Hijria (1882), na senti za 1908 za Seyyid Ali bin Hamoud, ambazo ni adimu mno. Azijuaye huzinunua kwa bei ya bure kwa asiyezijua.

Basi tunawaomba wananchi wazishike kwa ukingo, waziweke pakavu, wasizisugue. Nao wenye dhamana ya mambo ya kale serikalini waziandikishe zilizobaki kabla hazijavuka bahari. Kisichoandikwa hakina mwenyewe.