Mkimbiaji Gizani: Kuona na Kuonekana ni Mambo Mawili

Katika Bonde la Yaeda, kama ilivyo katika nchi zote zilizo karibu na ikweta, usiku huingia upesi. Jua likishazama, nuru inayobaki angani hudumu kwa muda wa dakika 20 hadi 25 hivi, kisha giza hutanda. Tena urefu wa mchana haubadiliki sana mwaka mzima. Kwa hiyo mtu wa Yaeda Chini ambaye mchana wake umechukuliwa na shamba, mifugo au shule hana wakati mwingine wa kufanya mazoezi ya kukimbia isipokuwa alfajiri kabla ya mapambazuko, au jioni baada ya kazi. Njia hiyo hiyo humpitisha mchungaji anayemtafuta ndama aliyepotea na mama anayempeleka mtoto mgonjwa kwenye zahanati. Nitakayoyaeleza yanawahusu wote hao, ingawa nitamtaja zaidi mkimbiaji, kwa kuwa mwendo wake humpunguzia muda wa kuiona hatari na kuikwepa.

Wilaya ya Mbulu ina sifa ya wakimbiaji. John Stephen Akhwari, mzaliwa wa Mbulu, alianguka na kuumia goti katika marathoni ya Olimpiki ya Meksiko mwaka 1968, akaendelea kukimbia hata akaingia uwanjani giza likiwa limeshaingia, zaidi ya saa moja baada ya mshindi. Vijana wengi wa milimani na bondeni wamelelewa na habari hiyo. Lakini yeye alikimbia katika barabara zilizolindwa. Kijana wa leo hukimbia katika barabara ya vumbi inayotumiwa na pikipiki, malori na ng'ombe.

Kosa kubwa la mtu atembeaye gizani ni la fikra. Akiwa njiani huziona taa za gari likiwa bado mbali, pengine kilomita nzima, naye hudhani kwamba dereva pia amemwona. Sivyo. Mtu aliyevaa nguo nyeusi, mbele ya taa zilizoshushwa, mara nyingi haonekani mpaka gari limfikie mita 30 hadi 50. Tufanye hesabu. Gari liendalo kilomita 60 kwa saa hupita takriban mita 17 kila sekunde. Dereva akichukua sekunde moja na nusu kutambua na kukanyaga breki, mita 25 zimeshakwisha kabla gari halijaanza kupunguza mwendo; na juu ya changarawe litahitaji mita nyingine 25 au zaidi ndipo lisimame. Jumla yake ni zaidi ya umbali ambao mtu yule angeonekana. Dereva aliye mwangalifu kabisa, asiyelewa wala kusinzia, bado atamgonga.

Hapa ni lazima niseme neno kuhusu mavazi yetu. Jicho lina seli za aina mbili zinazopokea nuru: seli za mchana, ambazo hutambua rangi, na seli za gizani, ambazo hutambua weusi na weupe tu. Seli hizi za gizani karibu hazihisi kabisa nuru nyekundu. Ndiyo maana shuka jekundu, au lile la zambarau iliyokolea lipendwalo na wafugaji wa bondeni, ambalo mchana huonekana kutoka ng'ambo ya mbuga, usiku wa mbalamwezi huwa jeusi kama kivuli cha mti. Nguo nyeupe husaidia kiasi. Kinachosaidia kwelikweli ni utepe wa kuakisi mwanga, ambao madereva huuita reflekta. Utepe huu una chembe ndogo za kioo zinazoirudisha nuru kule kule ilikotoka, yaani kwa dereva mwenyewe, na unaweza kumwonyesha mtu akiwa mita 150 na zaidi.

Mahali pa kuuvaa ni muhimu kuliko wingi wake. Tangu uchunguzi wa Gunnar Johansson wa Uswidi mwaka 1973, imejulikana kwamba ubongo wa binadamu humtambua binadamu mwenzake kwa jinsi viungo vyake vinavyocheza. Nukta chache tu za mwanga zilizofungwa kwenye viungo zatosha, zikianza kusogea. Kizibao chenye reflekta kifuani kinaweza kudhaniwa kuwa kibao cha barabarani. Bali utepe uliofungwa kwenye vifundo vya miguu, magoti na vifundo vya mikono huruka na kushuka, na dereva hujua papo hapo kwamba huyu ni mtu, na anakimbia. Fundi cherehani yeyote mnadani anaweza kuushona kwenye suruali kuukuu. Nami ningependa mwalimu wa michezo mwenye fedha za vizibao kumi anunue tepe za vifundoni kwanza.

Zipo hali mbili ambazo utepe hautafaa. Utepe hauna nuru yake, hivyo pikipiki isiyo na taa haitauona. Kwa ajili hiyo tochi ni ya lazima. Pili ni vumbi. Wakati wa kiangazi vumbi hufunika utepe na kuupofusha, basi uoshwe kila wiki. Vumbi hilo hilo hutanda nyuma ya lori, na gari la pili linalolifuata halioni kitu. Lori likipita, toka kabisa barabarani, usirudi mpaka vumbi litue.

Kwa kuwa magari nchini hupita kushoto, mkimbiaji apite kulia, akiyakabili yajayo. Taa zikimkaribia asizitazame. Aelekeze macho ukingoni upande wake wa kulia. Jicho huhitaji dakika 20 hadi 30 kulizoea giza sawasawa, na mwali mmoja wa taa, au kioo cha simu, huharibu kazi hiyo yote mara moja. Tochi ishikwe mkononi au ifungwe kiunoni: nuru inayotoka chini huchora vivuli vya mashimo na mawe, ilhali taa ya kichwani huvifuta. Vipokea sauti vya masikioni vibaki nyumbani.

Tochi ina faida nyingine. Kifutu, ambaye wengine humwita moma, hutoka usiku na hupenda kulala njiani. Naye hakimbii asikiapo kishindo, hutegemea rangi yake imfiche. Mtu akiumwa, asitembee. Avuliwe kiatu, bangili na shanga kabla mguu haujavimba, mguu ufungwe kwa gango usicheze, kisha abebwe hadi kwenye kituo cha afya. Asikatwe, asinyonywe, asifungwe kamba ya kukaza, wala asiwekewe jiwe jeusi; hayo yote huchelewesha dawa na mengine huozesha mguu. Shirika la Afya Duniani liliweka kuumwa na nyoka miongoni mwa magonjwa ya kitropiki yaliyosahaulika mwaka 2017.

Kuhusu wanyama wakubwa, bonde hili bado lina fisi, tembo na simba. Uchunguzi wa mashambulizi ya simba kusini mwa Tanzania kati ya mwaka 1988 na 2009 ulionyesha kwamba watu wengi walishambuliwa kati ya magharibi na saa 4 usiku, hasa siku zinazofuata mwezi mpevu. Sababu yake ni rahisi: baada ya mwezi kupevuka, unachelewa kuchomoza, na saa za kwanza za usiku, watu wakiwa bado njiani, huwa giza totoro. Katika siku hizo kumi mazoezi ya jioni yahamishiwe asubuhi kukishapambazuka, na ukikutana na mnyama usikimbie, kwani mbio humwalika akufukuze.

Wahudumu wenzangu, mgonjwa akiletwa na jeraha alilolipata gizani, baada ya kulishughulikia mwulizeni kama huwa anaona vizuri jioni. Mtoto au mama mjamzito anayejikwaa kila jua likizama anaweza kuwa amepungukiwa vitamini A, na hilo hutibika. Watoto wa miezi 6 hadi 59 hupewa matone yake mara mbili kwa mwaka, na maini, maziwa, mchicha na viazi lishe huongeza akiba. Mzee anayelalamika kwamba taa za magari humtawanyikia machoni achunguzwe mtoto wa jicho. Kijana ambaye uoni wake wa usiku umekuwa ukififia mwaka hadi mwaka, hasa kama nduguye ana shida hiyo hiyo, apewe rufaa kwa daktari wa macho, na wakati akisubiri asikimbie wala asiendeshe pikipiki baada ya jua kuzama.