Ubora wa Ndani ya Gari

Dashibodi ndiyo sehemu inayoteseka zaidi ndani ya gari, kwa kuwa imelala chini ya kioo cha mbele na hupigwa na jua mchana kutwa. Katika magari ya bei nafuu hutengenezwa kwa polipropilini, plastiki ngumu isiyopendeza mkononi lakini yenye uvumilivu mkubwa. Katika mengine huvikwa plastiki laini ya PVC juu ya tabaka la sponji. Ulaini huo hutokana na kemikali za kulainisha zilizochanganywa na plastiki. Gari likiegeshwa juani mwaka hadi mwaka, kemikali hizo hutoka polepole kama mvuke na kuacha utando wa ukungu kwenye kioo, nayo plastiki iliyokauka hupasuka. Kwa hiyo ulaini wa siku ya kwanza si kipimo cha kutosha cha ubora.

Ngozi ya viti nayo hupakwa rangi na tabaka la kinga. Mara nyingi kinachochubuka ni tabaka hilo, hasa ubavuni mwa kiti cha dereva, anapopita kila anapoingia. Kwenye joto la Mombasa au Dar es Salaam, kitambaa kizuri huwafaa abiria zaidi: hupitisha hewa wala hakiunguzi mapaja.

Mpangilio wa vidhibiti una uzito sawa na wa malighafi. Kitufe hupapaswa bila kuangaliwa. Skrini hudai macho yaache barabara. Euro NCAP, shirika la Ulaya linalopima usalama wa magari, kuanzia 2026 linazingatia kama honi, waipa na taa za kuashiria zina vidhibiti vya kushikika.