Kicheko Kilichofutwa

Mwezi Januari 1965, Shirika la Utangazaji la Uingereza, BBC, lilianza kuonyesha katika televisheni kipindi cha "Not Only... But Also". Wachekeshaji wake wakuu walikuwa Peter Cook, mwana wa afisa wa serikali ya kikoloni, na Dudley Moore, mpiga piano hodari, mwana wa fundi umeme wa reli kutoka Dagenham. Mzaha wao ulikuwa kama ndoto: Cook aliigiza bwana mkubwa aliyetumia umri wake kuwafundisha kunguru kuruka chini ya maji, naye Moore akimhoji kwa adabu zote. Mara nyingi Moore alishindwa kujizuia, akaangua kicheko mbele ya kamera.

Kipindi kilikwisha mwaka 1970. Kanda za video wakati huo zilikuwa ghali, hivyo wakubwa wa shirika wakaamuru nyingi zifutwe zipate kutumika tena. Cook alijitolea kuzilipia kwa fedha zake, akakataliwa. Mwaka 1990 yalikusanywa masalio tu. Cook alifariki mwaka 1995, Moore mwaka 2002.

Jambo hili lilitendwa na watumishi waliobana matumizi, kama watumishi wema wanavyoagizwa. Bei ya kanda iliandikwa daftarini. Thamani ya kilichomo haikuwa na safu yake. Ndugu mliokabidhiwa ghala za sauti na picha za umma, kabla ya kufuta, hapana budi muulize. Kumbukumbu ni amana, na amana hairudishwi tupu.