Vyeo vya Malodi wa Uingereza: Mtu, Mahali na Kazi ya Mfasiri

1. Utangulizi

Vitabu vingi vya historia na vya fasihi visomwavyo katika shule na vyuo vyetu vimejaa majina ya Waingereza wenye vyeo vya jadi. Katika historia ya Kenya, kwa mfano, tunasoma kwamba usiku wa kuamkia tarehe 12 Desemba 1963, bendera ya Uingereza iliposhushwa mjini Nairobi, aliyemwakilisha Malkia Elizabeth wa Pili alikuwa mumewe, Duki wa Edinburgh. Msomaji wa Kiswahili akikutana na maneno hayo ana haki ya kuuliza: je, huyu alikuwa mtawala wa mji wa Edinburgh? Ardhi ya mji huo ilikuwa mali yake? Wakazi wake walimlipa kodi? Jibu la maswali yote matatu ni la. Mwaka 1947, alipokaribia kumwoa Elizabeth, Philip alipewa vyeo vitatu kwa pamoja: Duki wa Edinburgh, Eli wa Merioneth na Baroni wa Greenwich. Edinburgh ni mji wa Scotland, Merioneth iko Wales, na Greenwich ni sehemu ya London. Hakutawala hata pamoja kati ya mahali hapo patatu.

Madhumuni ya makala haya ni kueleza uhusiano uliopo baina ya vyeo hivyo, mahali vinapotajwa, na watu wanaovichukua; kisha kupendekeza namna mfasiri wa Kiswahili anavyoweza kuvishughulikia bila ya kumpotosha msomaji. Hoja yetu ni kwamba cheo cha lodi wa Uingereza kina umbo la wadhifa, lakini kwa maana yake ya leo ni jina. Anayekifasiri kama wadhifa anabuni utawala ambao haupo.

2. Madaraja matano na asili yake

Malodi wa Uingereza wamepangwa katika madaraja matano. Tukiyaandika kwa tahajia ya Kiswahili, kuanzia juu, ni duki, makwisi, eli, vaikaunti na baroni. Asili za maneno haya zinaonyesha kwamba kila moja lilianza likiwa na kazi ndani yake. Duki latokana na neno la Kilatini lenye maana ya kiongozi, hasa wa jeshi. Makwisi alikuwa mlinzi wa nchi za mpakani. Vaikaunti alikuwa naibu. Baroni alikuwa mtu wa mfalme, yaani aliyepewa ardhi kwa sharti la utumishi. Eli ni neno la Kiingereza cha kale, na ndilo kongwe kuliko yote katika nchi hiyo. Mengine yaliingia kwa njia ya Kifaransa. Duki wa kwanza katika Uingereza alikuwa mtoto wa mfalme, aliyepewa Cornwall mwaka 1337. Makwisi wa kwanza alifanywa mwaka 1385, na vaikaunti wa kwanza mwaka 1440.

Historia ya eli inastahili kuangaliwa kwa karibu, maana inagusa neno ambalo Wakenya wamelizoea sana tangu katiba ya mwaka 2010, nalo ni kaunti. Huko Ufaransa eneo lililokuwa chini ya mtu wa daraja hilo liliitwa kwa jina la cheo chake, na jina hilo la eneo ndilo lililozaa neno kaunti. Wanormani walipoiteka Uingereza mwaka 1066 walilileta neno la eneo, lakini mwenye cheo akaendelea kuitwa eli kwa Kiingereza. Ajabu ni kwamba mke wake hakupata jina la Kiingereza. Yeye huitwa kauntesi, kwa shina lile lile la kaunti. Hivyo ndani ya nyumba moja mume ana jina la wenyeji na mke ana jina la washindi.

3. Jinsi cheo kilivyoachana na mahali

Kabla ya mwaka 1066 eli alikuwa mtawala kweli kweli. Aliongoza jeshi la eneo lake na kukaa barazani kusikiliza mashauri. Mfalme William aliyeiteka nchi aliwagawia wafuasi wake ardhi, lakini aghalabu mashamba ya mtu mmoja yalitawanyika katika kaunti nyingi. Kazi ya kukusanya mapato ya mfalme na kusimamia baraza la kaunti ikawa mikononi mwa ofisa mwingine, aliyewajibika kwa mfalme mwenyewe. Eli akabakiwa na heshima, pamoja na fungu la tatu la mapato ya baraza la kaunti yake; na hata fungu hilo likaja kugeuka kuwa malipo ya desturi tu.

Tangu hapo mahali palipotajwa katika cheo palianza kuwa kama kibandiko. Mfalme alipotaka kumtukuza mtu, alitafuta jina ambalo halijachukuliwa na mwingine. Mara nyingine jina lililingana na mahali mtu alipokaa. Mara nyingi halikulingana.

Mifano ni mingi. Jamaa ya Cavendish, ambao wakuu wao ni Maduki wa Devonshire tangu mwaka 1694, hawakai Devon, kaunti iliyo kusini-magharibi ya nchi. Jumba lao mashuhuri, Chatsworth, liko Derbyshire, katikati ya Uingereza. Jamaa ya Howard, Maduki wa Norfolk, wana ngome yao Arundel, karibu na pwani ya kusini, ilhali Norfolk iko mashariki. Kwa upande mwingine, Maduki wa Bedford, wa jamaa ya Russell, wana jumba lao Woburn, ndani ya kaunti ya Bedford yenyewe. Msomaji basi hawezi kutoa kanuni yoyote: pengine jina husema kweli, pengine halisemi.

Mwanafunzi wa Kiswahili aendaye kusoma London huyakuta majina ya jamaa hiyo ya Russell mlangoni pa chuo. Chuo cha Taaluma za Nchi za Mashariki na Afrika, ambacho kimekuwa na wataalamu wengi wa lugha yetu, kiko katika mtaa wa Thornhaugh, jirani na uwanja wa Russell, na si mbali na viwanja vya Bedford na Tavistock. Yote haya ni majina ya ukoo au ya vyeo vya watu wale wale. Tavistock ni mji wa Devon, na Thornhaugh ni kijiji kilicho mbali kaskazini ya London. Mitaa iliitwa hivyo kwa sababu ardhi ile ya London iliingia katika jamaa hiyo kwa njia ya ndoa ya mwaka 1669. Yaani mali ilikuwa London, jumba Woburn, na majina yalitoka pembe nyingine za nchi.

4. Mtu mmoja, majina mengi

Tatizo la pili ni la mtu kubadilika jina kila anapopanda cheo. Arthur Wellesley, aliyezaliwa Ireland mwaka 1769, alifanywa Vaikaunti Wellington mwaka 1809 kwa sababu ya ushindi wake vitani katika Hispania. Mwaka 1812 akawa eli, na mwaka huo huo akawa makwisi. Mwaka 1814 akawa duki. Jina Wellington, la mji mdogo wa Somerset, alichaguliwa na kaka yake wakati yeye mwenyewe akiwa vitani. Asiyejua desturi hii akisoma barua na taarifa za vita hivyo atadhani zinahusu majemadari watatu au wanne.

Watoto nao huongeza utata. Mtoto mkubwa wa duki, baba yake angali hai, hutumia kwa heshima tu cheo cha pili cha babaye. Mrithi wa Duki wa Devonshire kwa desturi huitwa Makwisi wa Hartington. Wa Duki wa Bedford huitwa Makwisi wa Tavistock. Watoto wadogo wa duki huitwa Lodi pamoja na jina la kuzaliwa na la ukoo, bila ya kuwa malodi kisheria. Ndiyo maana Lodi John Russell, mtoto wa Duki wa Bedford, aliweza kukaa katika baraza la wabunge waliochaguliwa na hata kuwa waziri mkuu. Alipofanywa Eli Russell mwaka 1861, ndipo alipohamia Baraza la Malodi.

Katika tamthilia mambo huzidi kuwa magumu, kwa kuwa mtu huitwa kwa jina la mahali peke yake. Katika King Lear ya Shakespeare, Kent, Gloucester, Cornwall na Albany wote ni watu. Na mfalme wa Ufaransa huitwa Ufaransa tu. Mfasiri asipokuwa mwangalifu, nchi nzima itaingia jukwaani ikiomba kuoa.

Inafaa pia tutaje cheo cha Sir, ambacho si cha malodi na, isipokuwa kwa wale wa daraja la baroneti lililoanzishwa mwaka 1611, hakirithiwi. Hicho hufuatwa na jina la mtu mwenyewe, si la ukoo: Sir Winston, si Sir Churchill. Kwa bahati, desturi hii imelingana vizuri na ya Waswahili. Maliwali wa Pwani waliopewa heshima hiyo, kama Sir Ali bin Salim na Sir Mbarak Ali Hinawy, waliitwa Sir Ali na Sir Mbarak, na hapana mwenyeji wa Mombasa aliyeona ugeni katika utaratibu huo.

5. Jina lirudipo ardhini

Safari ya jina haiishii kwa mtu. Mji wa Sandwich uko kaunti ya Kent. Kutoka mji huo kulipatikana cheo cha Eli wa Sandwich, na kutoka kwa eli wa nne kulipatikana jina la mkate wenye nyama katikati, sandwichi tunayoinunua leo mikahawani. Wellington ya Somerset ilimpa jina jemadari, na jemadari akaupa jina mji mkuu wa New Zealand.

Nasi Kenya tuna mfano wetu. Joseph Thomson, katika safari yake ya mwaka 1883 na 1884, aliiona safu ya milima ambayo Wakikuyu waliiita Nyandarua. Akaibandika jina la Lodi Aberdare, aliyekuwa wakati huo rais wa Chama cha Kifalme cha Jiografia. Lodi huyo, Henry Bruce, alikuwa amefanywa baroni mwaka 1873, na jina la cheo chake lilitoka katika mji wa Aberdare, Wales, palipokuwa na machimbo ya makaa ya mawe. Kwa Kiwelsh maana yake ni mahali mto Dar unapomwaga maji yake katika mto mwingine. Basi jina la makutano ya mito ya Wales likapanda juu ya milima ya Kenya, kwa kupitia mtu mmoja tu.

Delamere ni mfano wenye uzito zaidi. Delamere ni msitu wa Cheshire, na cheo cha Baroni Delamere kilianzishwa mwaka 1821. Baroni wa tatu, Hugh Cholmondeley, alikuja kukaa Kenya, na mwaka 1903 alipewa na serikali ya kikoloni ukodishaji wa eka 100,000 huko Njoro kwa miaka 99. Mwaka uliofuata Wamasai walitiliana mkataba na serikali hiyo, wakahamishwa kutoka malisho yao ya Bonde la Ufa. Hapa ndipo umbo la cheo linapoweza kuuficha ukweli. Cheo kilitaja msitu wa Uingereza. Ardhi ilikuwa Kenya, na hakuna neno katika cheo chake lililoitaja. Anayetafuta mali ya lodi kwa kufuata jina lake ataelekea Cheshire, ilhali hati iko Nairobi.

6. Mfasiri afanyeje?

Baadhi ya wafasiri huona ni heri kutafuta neno la Kiswahili lililokwishakuwepo. Tuyapime machache. Liwali hafai, kwa sababu alikuwa ofisa aliyewekwa na Sultani juu ya mji, naye aliutawala mji huo hasa. Mtemi hafai kwa sababu hiyo hiyo. Mwinyi hukaribia kwa heshima yake ya nasaba, lakini shina lake ni mwenye, na hivyo humtia msomaji katika wazo lile lile la umiliki tunalotaka kuliepuka. Kabaila, kwa matumizi ya siasa ya siku hizi, ni hukumu kabla ya kuwa jina. Huenda hukumu hiyo ni ya haki, lakini si kazi ya mfasiri kuitia mahali ambapo mwandishi hakuitia.

Kilicho karibu zaidi na vyeo hivi katika mila yetu si cheo bali ni nisba. Mtu aitwaye Al-Barawi hadhaniwi na yeyote kuwa mmiliki wa Barawa. Tofauti ni kwamba nisba husema wazee wa mtu walitoka wapi, ilhali cheo cha lodi huenda kisiseme hata hilo.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, vyeo vichukuliwe kama majina: duki, makwisi, eli, vaikaunti na baroni viandikwe kwa tahajia yetu, na jina la mahali libaki kama lilivyo. Pili, mtu atajwapo mara ya kwanza, jina lake la kuzaliwa litangulie, na palipo na uwezekano wa kuchanganya watu, utajwe na mwaka wa kupewa cheo. Jambo hili si dogo, kwani Duki wa Edinburgh wa mwaka 1963 alifariki mwaka 2021, na mwaka 2023 cheo kilipewa mwanawe Edward. Tatu, katika tamthilia, neno eli au duki liongezwe mbele ya jina la mahali kila ambapo msikilizaji angeweza kudhani inasemwa nchi.

7. Hitimisho

Vyeo hivi havina tena nguvu vilivyokuwa nazo. Tangu sheria ya mwaka 1958, malodi wengi wamefanywa kwa maisha yao tu, na watoto wao hawarithi. Sheria ya mwaka 1999 iliwaondoa katika Baraza la Malodi wengi wa wale waliorithi viti, ikawabakiza 92. Na mwaka 2024 serikali ilipeleka bungeni muswada wa kuwaondoa na hao. Lakini majina hayaondolewi kwa sheria. Yamo katika vitabu, katika mitaa, na juu ya milima yetu. Wahenga walisema, vyaelea vimeundwa. Na kazi ya mfasiri ni kumwonyesha msomaji viliundwa kwa mbao zipi, na mbao hizo zilikatwa katika msitu wa nani.